Vipimo Viwili vya Picha Moja

Watu wa mtaa wetu pale Chang'ombe waliamini tunaonyesha sinema chafu. Siwalaumu. Madirisha ya chumba yamezibwa kwa kaniki mbili mbili mchana kweupe, ndani yumo mwanamke wa miaka arobaini na mitatu na kijana wa miaka ishirini na minane, na mashine ya kurushia picha inanguruma tangu asubuhi. Chausiku, aliyekuwa akikaanga vitumbua karibu na mlango wetu, aliniuliza siku moja bila hata kutabasamu kiingilio ni shilingi ngapi. Nikamjibu kwamba sisi tunapima umri wa vitu vinavyokufa kabla hujamaliza kupepesa jicho. Akageuza kitumbua chake taratibu.

"Basi bora ingekuwa sinema," akasema.

Mimi nilikuwa nimefundisha hesabu shule za msingi kwa miaka kumi na minane. Mwaka 1981 akanifuata Daktari Gozbert, mtu wa kwetu Bukoba aliyesomea fizikia Ulaya, akaniambia, "Avelina, nataka mtu mwenye subira." Nilidhani anataka mtu wa kumlelea watoto. Kumbe huko Ulaya kuna maabara iliyochimbiwa chini ya ardhi, na ndani yake chembe ndogo kuliko kitu chochote zinakimbizwa kutoka pande mbili na kugonganishwa uso kwa uso. Zikigongana zinazaliwa nyingine, zinatawanyika, na kila inayopita inaacha mstari mwembamba wa mwanga. Kamera inapiga picha. Picha ni maelfu kwa maelfu, na mtu wa kuzipima moja moja lazima awe na macho na awe na makalio ya kukaa. Kwa hiyo filamu zinagawiwa kwa vyumba vya kupimia katika nchi mbalimbali. Daktari alikuwa amewaandikia barua miaka minne mpaka wakakubali kutujaribu sisi.

Jaribio lenyewe lilikuwa picha elfu nne. Vipimo vyetu vikikubaliwa, Chang'ombe ingeingia kwenye orodha ya vyumba vya kudumu, filamu zingekuja miaka kumi mbele, na majina yetu yangechapishwa pamoja na ya wakubwa wa huko. Visipokubaliwa, meza ya kupimia waliyotuletea irudi kwao na sisi turudi tulikotoka. Nilikuwa nimeshaacha ualimu. Sikuwa na mahali pa kurudi, na wala sikutaka. Ujana wangu wote nilifundisha watoto kugawanya maembe ambayo hayakuwepo, na sasa kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu cha kweli mbele yangu cha kuhesabu.

Kazi ilikuwa hivi. Picha inarushwa kutoka juu hadi kwenye meza nyeupe. Unaona mistari imetoka sehemu moja na kutapakaa. Unatafuta mahali ambapo, mbali kidogo na pale chembe zilipogongana, mistari miwili inaanza ghafla na kuachana, mfano wa herufi V. Hiyo V ni kaburi. Kuna chembe isiyoacha alama iliyosafiri kimya mpaka pale, ikafa, ikagawanyika mbili. Kutoka penye mgongano mpaka kwenye ncha ya V ndiyo safari ya maisha yake yote. Ukipima safari hiyo, ukajua na mwendo wake, unapata umri. Sekunde moja ukiikata vipande bilioni, chembe hiyo haimalizi hata kipande kimoja.

Mezani kulikuwa na alama ya msalaba uliyoisogeza kwa vishikio viwili, na pembeni namba zilizunguka kama za mita ya maji. Unasimamisha msalaba kwenye ncha, unasoma namba, unaandika kwa penseli. Ukikosea upana wa unywele, chembe yako inakuwa imeishi zaidi au imekufa mapema.

Kila picha ilipimwa mara mbili. Asubuhi napima mimi. Mchana anapima Marselino, kwenye daftari lake, bila kuona langu. Daktari alilikazia jambo hili mpaka likatuchosha. Alisema watu wawili waaminifu hawawezi kupata namba ileile, na kule kutofautiana kwao ndiko kunakowaambia watu wa Ulaya sisi tunakosea kwa kiasi gani. Akanipa kabati la chuma na ufunguo wake ili daftari langu nilifungie kila saa sita.

Nililifungia siku tatu. Siku ya nne Marselino aliniona nikizungusha ufunguo na kuutia kwenye mkoba, naye akatazama pembeni haraka, nikasikia aibu mpaka masikioni. Umfungie mwenzako kabati mbele ya macho yake, una maana gani kama si kumwita mwizi? Tulikuwa tukinywa chai ya kikombe kimoja wakati sukari imeadimika. Sukari yenyewe alipanga foleni yeye, akanigawia. Kuanzia siku ile niliacha ufunguo mlangoni mwa kabati. Nilijiona mtu mwenye utu.

Marselino alikuwa Mmakonde wa Newala, mchongaji. Alikaa Mtoni kwa mjomba wake Adelard, ambaye alikuwa na karakana ya vinyago nyuma ya nyumba. Daktari alimchukua kwa sababu ya mkono. Mkono wake ukishasimama haukutetemeka, hata magari ya mizigo yakipita na meza ikicheza. Aliniamkia kila asubuhi, "Shikamoo, Mwalimu," na hata nilipomwambia aniite dada hakuweza. Alichelewa kutoka kila siku. Mimi naondoka saa kumi, yeye anabaki mpaka saa kumi na mbili, na hakuna aliyemlipa saa za ziada. Nilimsifia kwa Daktari. Nilisema, kijana huyu ana uchungu na kazi.

Miaka miwili tukaimaliza elfu nne. Umeme ulikatika, taa ya mashine iliungua tukakaa miezi mitatu tukisubiri nyingine, tulikula unga wa njano mpaka tukausahau mweupe, lakini tuliimaliza. Juni ya 1983 Daktari akazituma namba. Tukaanza kungoja.

Tulipokuwa tukingoja ikaingia Nguvu Kazi. Waliokuwepo wanakumbuka. Mgambo wanasimama barabarani, wanadai kitambulisho cha kazi, na asiye nacho anapandishwa lori na kupelekwa kijijini kulima, kijiji chochote, awe na mke au asiwe naye. Wachongaji wa Mtoni walihesabiwa wazururaji. Marselino peke yake pale kwao ndiye aliyekuwa na kadi yenye mhuri, ya chumba chetu, na alitembea nayo kwenye mfuko wa shati upande wa moyo. Mzee Adelard alimwambia, "Hiyo kadi ndiyo shamba lako." Kwa hiyo Marselino naye alikuwa akiomba barua ya Ulaya ije na heri, pengine kuliko mimi.

Ilikuja Oktoba. Daktari aliisoma amesimama, akaisoma tena, akaketi.

"Wanasema vipimo vyetu viwili vinafanana," akasema.

Nilipiga kigelegele. Naona haya kulisema, lakini nilipiga, na Marselino akacheka na kufunika mdomo. Nilidhani tumesifiwa.

"Vinafanana mno," Daktari akaendelea. "Vyumba vingine vyote tofauti ni kubwa mara tano, mara sita. Wanasema haya si macho ya watu wawili. Wanauliza ni nani aliyenakili."

Akaondoka bila kutuaga. Nikamgeukia Marselino.

"Ulikuwa unafungua daftari langu?"

"Ndio, Mwalimu." Hakusita hata kidogo. "Kila siku. Si ndio maana uliniachiaga ufunguo?"

"Nilikuachia nini?"

"Nilijua unataka nijisahihishie. Shuleni si ndivyo? Mwalimu anaandika majibu, mwanafunzi anaangalia yake kama yamekaa."

"Na ukikuta hayakukaa?"

"Nafuta. Narudia mpaka yakae sawa. Zingine nimerudiaga mara tano. Usifikiri mie nilifanya hobelahobela, Mwalimu. Kule kwa mjomba tukichonga tembo wa jozi, wa pili asipofanana na wa kwanza mnunuzi anawarudisha wote wawili. Mie ndio nilikuwa nachongaga wa pili."

Nilitaka kumzaba kibao. Kisha nikataka kujizaba mwenyewe. Zile saa mbili za kila jioni nilizomsifia zilikuwa saa za kuuharibu ukweli kwa kifutio, kwa bidii na kwa moyo safi, na mlango niliufungua mimi kwa sababu sikupenda kuonekana mtu mbaya. Namba zake za kwanza, zile alizozipata kwa macho yake kabla ya kufuta, zingetuokoa. Nilishika daftari lake, nikaliinamisha kwenye mwanga. Karatasi ilikuwa imefutwa vizuri. Hata kwenye kufuta alikuwa fundi.

Sikulala vizuri wiki hiyo nzima, nililia, niligombana na jirani kwa jambo la maji ambalo hata sikumbuki. Daktari aliandika barua ya kurasa sita. Wakakubali kutupa nafasi moja tu ya mwisho: picha mia moja mpya, ambazo wao wenyewe walishazipima. Tupime kila mtu peke yake, na daftari likae mkononi kwa Daktari. Tukifaulu, zile elfu nne tutazirudia na chumba kitabaki. Tukishindwa, basi.

Nilimkalisha Marselino siku moja kabla. "Sikiliza. Safari hii mie usinifikirie. Weka msalaba pale unapoona wewe. Hata kama unajua mie nitaweka kwingine."

"Sawa, Mwalimu."

"Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Tulipima siku nane. Mimi asubuhi, yeye mchana, na Daktari ameketi kwenye kiti karibu na mlango na madaftari mapajani kama mtu aliyepakata wagonjwa. Kupitia kaniki niliwahi kumchungulia Marselino mara moja. Alisimamisha msalaba, akangoja, akausogeza kidogo sana, akaandika. Nikajisemea, anakuwa mwangalifu. Nikamshukuru Mungu.

Jibu lilifika Januari. Halikuwa refu. Walisema hawaelewi imewezekanaje, lakini wapimaji wote wawili wamekosea, kwa kiasi kilekile na upande uleule. Kwetu ncha ya kila V ilikuwa imewekwa mbele ya pale ilipo. Kwa vipimo vya Chang'ombe chembe ile inaishi zaidi kuliko inavyoishi mahali pengine popote duniani. Walitushukuru kwa juhudi, na wakataja tarehe ambayo meza itafuatwa.

Daktari alisema anatuhitaji ofisini kwake saa nane. Ofisi ya mjini iliyokuwa ikitulipa mishahara ilitaka maelezo, na ilikuwa na nafasi moja ya karani kwa mmoja wetu. Nafasi moja. Mwingine angeachishwa.

Saa saba tulikuwa nyuma ya chumba, penye kivuli cha ukuta. Niliuliza kwa sababu nilikuwa sielewi, wala sikuwa na nguvu ya kugomba tena.

"Daftari langu hukuliona. Ilikuwaje tukakosea pamoja?"

Marselino alichora chini kwa ncha ya ndala. "Nilijitahidi, Mwalimu. Naapa. Nikiweka pale penye ncha, mkono unakataa. Najua wewe utasimama wapi. Nikisimama kwingine naona kama nakuumbua."

"Unaniumbuaje?"

"Wewe hufiki kwenye ncha."

"Sifiki vipi?"

"Unasimama mistari ikishaachana. Pale inapoungana huoni." Alisema taratibu, kama anayemtoa mtoto mwiba. "Macho yako, Mwalimu. Gazeti unalisoma mkono umenyooka. Sindano juzi umempa Chausiku akutungie uzi. Mie nimejua tangu mwaka ule wa kwanza."

Nilitaka kusema si kweli. Nikatazama viganja vyangu, nikavisogeza mbali kidogo, na mistari yake ikaonekana vizuri zaidi. Miaka miwili. Picha elfu nne. Kila asubuhi nilikaa kwenye meza ile nikidhani naona maisha ya kitu yanapoishia, kumbe nilikuwa nikiandika mahali ambapo macho ya mwanamke wa makamo yanaanza kuona.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Wewe ni mwalimu wangu. Na kazi yenyewe ya macho. Wangekutoa." Akainua uso. "Nilikusitiri tu."

Ningependa kuandika kwamba nilimkumbatia, au nilimlaani. Sikufanya lolote. Nilikuwa mtupu. Ndani ya kifua changu palikuwa na sauti moja tu, inahesabu: miaka arobaini na mitano, haoni, hana shule ya kurudi, hana mume, nafasi moja.

Saa nane tukaingia. Daktari alikuwa na karatasi mbele yake na kalamu imefunguliwa. Alionekana amezeeka. Alisema maabara inadhani mmoja wetu alikuwa na kasoro na mwingine akamfuata, naye anataka kujua ni yupi, kwa kuwa maelezo yanatakiwa kuwa na sababu. Alinitazama mimi alipouliza, na alinitazama kwa huruma, kama mtu wa kwao. Niliona jibu analolitaka.

Nilikuwa natafuta neno la kuanzia. Marselino akanitangulia.

"Ni mie, Daktari. Tulipoanza tu mie ndio nilimwambia Mwalimu aweke pale mistari inapoachana, kwamba ndipo panapoonekana vizuri. Akaniamini kwa kuwa mie fundi. Na lile daftari nililinakili mie. Yeye hana kosa."

Feni ya ofisini ilikuwa imekufa siku nyingi. Jasho lilinitiririka mgongoni.

"Ni kweli, Avelina?"

Marselino hakunitazama. Alikuwa ameshika mikono nyuma, wima, kama mwanafunzi aliyemaliza kujibu vizuri.

"Ni kweli," nikasema.

Daktari akaandika. Alipomaliza, akanyoosha mkono, na Marselino akatoa kadi kwenye mfuko wa shati, akaiweka mezani kwa mikono miwili.

Jumatatu iliyofuata nikaanza kazi mjini, kwenye chumba cha majalada. Wiki ya tatu Chausiku akaniletea habari kwamba mgambo walipita Mtoni asubuhi, watu wakiwa wananawa uso, na lori likaondoka limejaa. Nilikwenda Jumapili. Mzee Adelard alikuwa karakanani peke yake, hajashika patasi. Nilimwamkia, akanipa kigoda. Hakujua wamempeleka wapi. Wengine walisema Rufiji, wengine walisema mbali kuliko huko. Alikuwa amekwenda kuuliza sehemu tatu, akaambiwa mpwa wake ni mzururaji, na wazururaji hawana orodha.

Kisha akaniuliza, kwa adabu sana, maana kwake mimi nilikuwa bado mwalimu wa mtoto wake, "Hivi huko kazini alikosea nini hasa? Hakutaka kuniambia. Alisema tu kazi imekwisha."

Hapo palikuwa na nafasi yangu. Hapakuwa na Daktari wala barua, wala ofisi ya mjini. Palikuwa na mzee mmoja aliyetaka kujua.

"Alikuwa kijana mzuri," nikasema. "Ila macho yake hayakuwa mazuri."

Mzee akanikazia macho.

"Macho?" akauliza. "Marselino?"

Nikasema ndiyo.